Malangali: Shule Iliyotaka Kufanana na Kijiji

Shule ya Malangali, iliyoko Mufindi mkoani Iringa, ilianzishwa na serikali mwaka 1928, wakati Gavana Donald Cameron alipokuwa akieneza Tanganyika utawala wa kupitia machifu, na wakati wataalamu wa elimu wa Kiingereza walipokuwa wakihubiri kwamba Mwafrika afundishwe kwa namna inayooana na mazingira yake. Shule nyingi za enzi hiyo ziliipokea hoja hiyo kwenye makaratasi tu. Malangali, chini ya W. Bryant Mumford, aliyekuwa mkuu wake katika miaka ya mwanzo, iliichukua kwa dhati isiyo ya kawaida.

Mumford aliandika juu ya jaribio hilo katika jarida la Africa mwaka 1930, na maandishi yake ni ya mtu anayeipenda kazi yake kweli. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba shule isimng'oe mtoto wa Kihehe, Kibena au Kisangu katika kabila lake na kumrudisha nyumbani akiwa mgeni. Kwa hiyo wazee walialikwa kuwa walimu, wakasimulia historia, na ngoma na kurusha mkuki vikapewa nafasi katika masomo sawa na kusoma na kuandika. Miaka minne baadaye alichapisha makala nyingine kuhusu makabila hayo matatu, jambo linaloonyesha kwamba mwalimu mkuu huyo naye alikuwa mwanafunzi.

Fikra hiyo ikifuatwa mpaka kwenye ukuta, mfano wake wa karibu ni tembe, yaani nyumba ya Kihehe ya pembe nne, ndefu na fupi kwa kimo, ambayo nguzo zake husimikwa kwa kukaribiana, zikafungwa fito na kukandikwa udongo ndani na nje. Juu yake hulazwa boriti, kisha vijiti na majani, na mwisho udongo mzito unaolifanya paa liwe bapa, lisiloshika moto kwa urahisi, na linalohifadhi joto usiku wa baridi kali ya nyanda hizo. Familia ikikua, chumba huongezwa ubavuni, hata tembe ikazunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Hivyo nyumba hiyo haina sura moja iliyokamilika, nayo hukua pamoja na wenyewe. Ni ufundi wa hali ya juu, ingawa wakoloni wengi waliuona kuwa ni udongo tu.

Lakini mzazi aliyemtoa mwanawe katika tembe na kumpeleka shule ya Mzungu, je, alimpeleka akajifunze tembe? Au alitaka kalamu, Kiingereza na kazi ya ukarani, ambavyo wazee wa kijijini hawakuwa navyo?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Iringa, serikali hiyo hiyo ya kikoloni ilikuwa na shule nyingine ya bweni, ya watoto wa Kizungu, iliyorithi ile ya Kongwa ya enzi za mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga. Hakuna aliyeona haja ya kuwaita wazee waje kuwafundisha watoto hao mila za vijiji vya Uingereza. Shule ilipewa majina ya watakatifu Mikaeli na Joji, sawasawa na nishani ambayo Uingereza iliwatunuku maofisa wakubwa wa makoloni. Baada ya uhuru ikaitwa Mkwawa, jina la chifu wa Wahehe, na tangu mwaka 2005 ni chuo kikuu kishiriki.