Jiwe la Msingi si Nyumba

Katika kambi za polisi mjini Kampala palikuwa, kwa miaka mingi, na vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo askari walivipa jina la Kiswahili: "mama ingia pole". Jina hilo ladokeza mengi. Mlango ni mdogo, ndani ni pafinyu, jua likiwaka mabati huchoma, na mama aliyebeba mtoto mgongoni hana budi kuinama na kuingia taratibu. Hata hivyo, kibanda ni afadhali kuliko kukosa paa. Siku askari anapostaafu, au anapofariki kazini, nyumba ya serikali hutakiwa irudishwe, na swali la mahali pa kulala huwakabili mjane na watoto kwa ghafla.

Kwa sababu hiyo, mipango ya serikali ya kuwapatia wananchi makao ni jambo linalohusu kila jamaa ya mtumishi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika shabaha zake za taifa, imeyataja makao ya kufaa pamoja na elimu, afya na maji safi. Shabaha hiyo ni njema. Lakini kati ya shabaha na ufunguo wa mlango kuna ratiba, na ratiba isiyo na msimamizi huwa karatasi tu.

YALIYOTOKEA NAKAWA NA NAGURU

Mitaa ya Nakawa na Naguru, upande wa mashariki wa Kampala, ilijengwa na serikali ya kikoloni kabla ya Uhuru wa mwaka 1962 ili wafanyakazi Waafrika wapate mahali pa kukaa. Nyumba zilikuwa ndogo, na kadiri miaka ilivyopita zilichakaa. Hakuna aliyekana kwamba zilistahili kujengwa upya.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Opec Prime Properties, ili mahali hapo pajengwe mji mpya wenye nyumba zipatazo 5,000, pamoja na maduka na shule. Wapangaji 1,747 waliokuwa wakiishi hapo waliahidiwa kufikiriwa kwanza nyumba zitakapokuwa tayari.

Mwaka 2011 tingatinga ziliingia. Nyumba zilibomolewa, na jamaa hizo zikatawanyika kutafuta vyumba vya kupanga kwingineko. Jamaa inapohamishwa hivyo, watoto huacha shule katikati ya mwaka, mama mwenye genge hupoteza wateja wake, na akiba huishia katika kodi. Jiwe la msingi la mji mpya liliwekwa na Rais Museveni mwezi wa Oktoba mwaka 2013, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya wenyeji kuondolewa. Mji ulioahidiwa haukukamilika. Serikali iliurudisha uwanja huo mikononi mwake, na ugawaji wake kwa watu wengine ukazusha malalamiko makubwa hata Bunge likaunda kamati ya kuuchunguza mwaka 2022. Wakati huo mtoto aliyeondoka hapo akiwa darasa la kwanza alikuwa amekaribia umri wa mtu mzima.

MPANGILIO NI MUHIMU

Kosa hapa si kutaka kujenga upya. Kosa ni mpangilio: kubomoa kulitangulia, kujenga kukafuata kwa kusuasua. Mpango wa namna hii ungeweza kugawanywa mafungu: nyumba za kwanza zijengwe penye nafasi, jamaa za kwanza zihamie, ndipo zao zibomolewe, na fungu la pili lianze. Kila fungu liwe na tarehe yake, na mjenzi asikabidhiwe ardhi ya fungu jipya kabla ya kumaliza la kwanza. Kadhalika, daftari la wapangaji lihifadhiwe mahali panapojulikana. Na wakaguzi wafike wakati kazi inaendelea. Kamati ikiundwa miaka 11 baada ya watu kuondolewa, yaweza kueleza kilichoharibika, lakini haiwezi kuwarudishia watu miaka hiyo.

Hata mpango unaofikia mwisho wahitaji kuangaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaa wa Namuwongo, karibu na reli, ulitengenezwa kwa msaada wa kutoka nje. Barabara zilichongwa na viwanja vikapimwa kwa ajili ya wakazi. Lakini thamani ya viwanja ilipopanda, wengi wa maskini waliuza na kuteremka upande wa pili wa reli, kwenye bonde lenye maji. Mabanda hayakwisha, bali yalihama.

WAJIBU WA NYUMBANI

Jamaa za askari na polisi zaweza kujifunza mengi katika habari hizi. Kwanza, kila karatasi ya nyumba ni mali: barua ya kupewa nyumba, stakabadhi za kodi, namba ya chumba. Zitunzwe mahali pamoja, na mume na mke wapajue, kwani siku ya kuhesabu wapangaji asiye na karatasi hana sauti.

Pili, akiba ya kujenga ianze askari angali kazini. Vyama vya akiba vipo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Kiasi kidogo kila mwezi, kikiwekwa bila kukatizwa, huweza kununua kiwanja kabla ya siku ya kustaafu.

Tatu, kiwanja kisinunuliwe kabla hati yake haijakaguliwa katika ofisi ya ardhi. Yafaa pia kukumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda hairuhusu ardhi ambayo jamaa yaishi au yapata riziki yake kuuzwa bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Kinga hiyo imewekwa ili mama na watoto wasiamke asubuhi wakakuta nyumba ina mwenyewe mwingine.

Ahadi ni deni, nalo deni hudaiwa kwa tarehe. Mpango mwingine wa nyumba utakapotangazwa, maswali ya kuuliza mapema ni matatu: ni nani walioandikwa, nyumba ya kwanza itakwisha lini, na ni nani atakayejibu siku hiyo ikipita.