Kuchagua Trekta Dogo

Wazee wetu walisema, Mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya haki kwa jembe la mkono, kwa kuwa jembe lo lote lenye makali hulima, na mpini ukivunjika mtu huenda porini akakata mwingine siku ile ile. Lakini trekta si jembe. Bei yake ni akiba ya miaka mingi au deni la miaka mingi, na mpini wake haukatwi porini. Kwa hiyo leo nataka kuwaelezeni jinsi impasavyo mkulima, au chama cha wakulima, kufikiri kabla ya kununua trekta dogo. Nisemapo trekta dogo, maana yangu ni lile la magurudumu manne lenye injini ya nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Trekta gani lililo bora?" Swali hilo halina jibu. Yako maswali mawili yatanguliayo. La kwanza, "Nina kazi gani, na udongo wangu ni wa namna gani?" La pili, "Likiharibika, nani atalitengeneza, na kwa siku ngapi?" Mtu akiisha kuyajibu haya kwa kweli, habari za jina na bei na vyombo hazitamsumbua sana.

Nchi hii yetu ya Afrika Mashariki imepata kufundishwa jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, kwanza huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulimwa eka zaidi ya milioni 3. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, mwaka 1945, na matrekta mapya yalikuwa haba duniani. Basi yakanunuliwa mengi yaliyokwisha tumika, mengine kutoka visiwa vya Ufilipino. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu mno, na mchanga wake hula chuma kama tupa. Mizizi ya vichaka nayo ilikuwa minene na mingi. Haukupita muda mrefu matrekta mengi yalikuwa yamesimama, vipuri havipatikani, na mafundi hawatoshi. Mvua pia haikutosha. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na hasara yake ilizidi pauni milioni 30. Haikosekani kwamba mashini zile zilikuwa na nguvu. Lakini zilinunuliwa kabla udongo haujajulikana vema, na kabla vipuri na mafundi havijawekwa tayari.

Sasa tutazame kazi. Trekta dogo lenye plau ya sahani mbili hukata upana wa futi 2 hivi, nalo huenda mwendo wa mtu atembeaye, yaani maili 3 kwa saa. Ukitoa wakati wa kugeuza na kupumzika, hulima kama nusu eka kwa saa moja, au eka 4 kwa siku ya saa nane. Basi mtu mwenye eka 5 zake mwenyewe atazimaliza kwa siku mbili, na trekta litakaa bandani siku zilizosalia. Huyo heri akodi, ama aungane na wenzake kumi au ishirini wanunue moja kwa pamoja. Trekta humfaa mwenye kazi ya kulishughulisha: kulima lake na la jirani, kuvuta tela la mazao, kuzungusha mashini ya kupukuchua mahindi, na kupiga maji.

Wengine hudhani kuwa trekta zito ndilo lenye nguvu. Zamani ilikuwa karibu na kweli, kwa sababu plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo ikakokotwa tu, na trekta jepesi lilitelezesha magurudumu. Tena plau ikinasa katika kisiki, pua ya trekta iliweza kuinuka hata likapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Mtu mmoja wa Ireland, jina lake Harry Ferguson, alitengeneza namna nyingine ya kufunga plau: mikono miwili chini ya kuvuta, na mmoja juu. Plau iingiapo ardhini, mikono ya chini huvuta, na ule wa juu husukuma mbele, na hivyo pua ya trekta hushikwa chini na uzito hulalia magurudumu ya nyuma. Oili inayosukumwa kwa nguvu za injini ndiyo inayoinua na kushusha plau. Kwa njia hiyo trekta lake la TE20, ambalo uzito wake ulizidi tani moja kidogo tu, lililima kazi iliyotaka trekta kubwa zaidi. Liliundwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na yalitolewa zaidi ya 500,000. Leo karibu matrekta yote madogo yana mikono mitatu ya namna hiyo. Basi unaponunua, hakikisha ya kwamba mikono hiyo ipo kamili, inainua mzigo na kuushikilia bila kuushusha polepole, na kwamba vyombo vilivyopo kijijini vyaweza kufungwa humo.

Jina nalo lina maana, lakini si maana ile waidhaniayo wengi. Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada mwaka 1953, ndipo likatokea jina la Massey Ferguson. Na matrekta yenye jina hilo yamepata kuundwa Uingereza, India, Brazil na kwingineko. Kuna Kubota kutoka Japani, Mahindra kutoka India, John Deere kutoka Marekani, na mengine mengi. Kila moja lina sifa zake. Lakini jina lililo bora kwako ni lile ambalo vipuri vyake vyapatikana katika mji ulio karibu, na fundi wake anajulikana kwa sura. Nenda dukani kabla ya kununua, uulize vitu hivi: chujio la oili, chujio la dizeli, sahani ya klachi, mkanda wa feni. Ukiambiwa, "Vitakuja," uliza vitakuja lini. Kisha watembelee wakulima watatu wenye trekta la namna ile ile, uwaulize lilisimama mara ngapi katika msimu uliopita.

Hapo ndipo bei itakapoonekana kwa sura yake ya kweli. Tufanye hesabu ya mfano tu. Trekta la kwanza lauzwa shilingi milioni 22, na la pili milioni 26. Tofauti ni milioni 4, na mtu ataona amepata faida kubwa akichukua la kwanza. Lakini tuseme vipuri vya lile la kwanza hutoka mbali, nalo husimama siku kumi katika kila msimu wa kulima. Siku kumi kwa eka 4 ni eka 40. Kama kila eka humletea mwenyewe shilingi 40,000 baada ya kutoa dizeli na mshahara wa dereva, amepoteza shilingi 1,600,000 kwa msimu mmoja. Kabla msimu wa tatu haujaisha, zile milioni 4 zimekwisha, na lililokuwa rahisi limekuwa ghali. Wala sijahesabu shamba lake mwenyewe lililopandwa mvua zikiwa zimekwisha nusu, kwa maana mvua haimngojei fundi.

Vyombo vya ziada visikutie tamaa bila sababu. Kuendesha kwa magurudumu yote manne kwafaa sana katika mashamba ya mpunga na penye matope au vilima. Penye udongo mkavu na tambarare, magurudumu mawili mara nyingi yatosha, na hupunguza bei na matengenezo. Penye visiki na mizizi, plau ya sahani ni afadhali, kwa kuwa sahani hupanda juu ya mzizi ikapita, lakini plau ya ulimi hunasa. Mhimili wa nyuma wa kuzungushia mashini uwe ule wa mizunguko 540 kwa dakika, kwani vyombo vingi hufuata hesabu hiyo. Nao uwe na kifuniko chake, maana umekamata kanzu na kanga za watu ukawaondolea mikono na hata uhai.

Kiko chombo kimoja ambacho si cha ziada hata kidogo, nacho ni upinde wa chuma nyuma ya kiti cha dereva. Trekta ni refu na jembamba, na hupinduka upesi kwenye mtelemko au ukingo wa mfereji. Mwaka 1959 nchi ya Sweden iliamuru kila trekta jipya liwe na kinga ya namna hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Penye upinde, dereva afunge mkanda wa kiti, ili abaki ndani ya kinga. Pasipo na upinde, asijifunge. Wala asifunge mzigo wa kuvuta juu kuliko mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, maana ndivyo trekta linavyopinduliwa kinyumenyume. Muuzaji akikuambia ya kuwa atakupunguzia bei kwa kuuondoa upinde, mkatalie.

Na anunuaye trekta lililokwisha tumika alione likiwashwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Moshi mweusi kidogo mwanzoni si ajabu, lakini moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya injini inayokula oili. Atazame oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Alifungie plau, alime nalo walau robo eka mbele ya muuzaji, na fundi wake mwenyewe awepo.

Basi, wakulima, mkutane, mpime mashamba yenu, mwandike kazi zote za mwaka mzima, ndipo mwende mjini. Nanyi wanafunzi, wasaidieni baba na mama zenu katika hesabu hizo, kwani kalamu na karatasi vyaweza kuokoa fedha nyingi kabla funguo hazijatiwa mkononi. Kwaherini.