Mnandi na Samaki Wetu: Nani Mwizi?

Mtu akisimama ufukoni mwa Ziwa Victoria asubuhi, ataona ndege weusi juu ya majabali, mabawa yao wameyatandaza juani kama nguo zilizoanikwa. Hao ni minandi. Wavuvi wengi hawawapendi, nao husema, "Ndege hawa ndio wanaotumalizia samaki." Neno hilo ni zito, maana mtu akidhani amekwisha kumjua mwizi, haendelei kumtafuta. Basi yafaa tulipime.

Mnandi ameumbwa kwa kuvua. Vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa kwa ngozi, na ncha ya mdomo wake imepinda kama ndoana. Manyoya yake hulowa upesi, na jambo hilo humsaidia kuzama. Ndiyo sababu akitoka majini hujianika. Humfukuza samaki chini ya maji, na akisha kumkamata hupanda naye juu na kummeza, kichwa kwanza. Yule mkubwa mwenye kifua cheupe aweza kula gramu 400 hadi 500 kwa siku. Mnandi mdogo mwenye mkia mrefu hula pungufu ya hapo.

Katika ziwa kubwa, chakula chake hasa ni samaki wadogo. Zamani minandi wa Ziwa Victoria walikula sana furu. Sangara, waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, walipozidi mno katika miaka ya 1980, furu wengi walitoweka, na ndege wakageukia dagaa. Huyo sangara hakuletwa na ndege.

Tena tukumbuke habari za ngege, aliyekuwa samaki mwenye kupendwa kuliko wote. Nyavu za kutegea za kigeni zilifika ziwani mwaka 1905, na baada ya miaka michache kila wavu ulitoa samaki wachache kuliko kwanza. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alichunguza ziwa, akashauri nyavu zenye matundu yasiyofika inchi 5 zikatazwe. Sheria ikawekwa, lakini baadaye ilifutwa. Nyavu ndogo zikaenea, na ngege wakazidi kupungua. Minandi walikuwako ziwani tangu kale, na ngege walikuwa tele pamoja nao.

Je, mnandi hana hatia kabisa? La, si hivyo. Katika maji madogo mambo ni mengine. Huko Ulaya minandi waliongezeka sana baada ya sheria ya mwaka 1979 ya kuwalinda ndege, na wenye kuvua kwa ndoana katika mito na mabwawa wakalalamika kwamba samaki wamepungua, na wengine wana majeraha ya mdomo wa ndege. Uingereza hutoa vibali vya kuwapiga minandi kadhaa mahali penye hasara kubwa, lakini asiye na kibali haruhusiwi kuwaua.

Jambo hilo lamhusu kila mwenye bwawa la samaki hapa kwetu. Haba na haba hujaza kibaba: minandi 10, kila mmoja akila gramu 400, watachukua kilo 4 kwa siku, yaani kilo 120 kwa mwezi. Katika ziwa hasara hiyo haionekani. Katika bwawa la mtu mmoja ni msiba.

Mwenye bwawa na afanye hivi. Kwanza, afunike bwawa dogo kwa wavu uliokazwa vizuri, ndege wasinaswe. Pili, azamishe matawi ya miti upande mmoja, ili samaki wapate pa kujificha. Tatu, vifaranga vya samaki avilee mahali palipofunikwa mpaka wakue. Nne, afike bwawani asubuhi na mapema kuwafukuza ndege, kabla hawajapazoea. Na kabla ya kumdhuru ndege yeyote, aulize kwanza kwa ofisa wa wanyamapori.

Lakini mvuvi wa ziwani, akiona mashua yake imerudi tupu, asimtazame kwanza ndege aliye juu ya jabali. Na apime matundu ya wavu wake mwenyewe. Mnandi akishiba huenda kujianika. Wavu mdogo haushibi, nao hukamata usiku na mchana samaki ambaye hajazaa bado.