Joto la Giaboksi Huenda Likatoka Katika Breki

Mkulima wa Chepsaita, upande wa Eldoret, atakaye kuchimbiwa bwawa la ng'ombe hana budi limalizike kabla ya mvua kubwa, yapata mwezi wa Aprili. Tingatinga likiharibika mwezi wa Machi, maji ya mvua hiyo humpita bure.

Ugonjwa mmoja unaosumbua sana matingatinga makuukuu ni giaboksi kupata joto. Asubuhi mtambo huenda vizuri. Adhuhuri mshale wa joto umepanda na nguvu zimepungua. Watu wengi hukimbilia kuifungua giaboksi, kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Kumbe mara nyingine giaboksi haina kosa, bali breki ndiyo iliyokamata. Mtambo huo ni kama ng'ombe avutaye plau huku amefungwa mguu. Nguvu zinazopotea hugeuka kuwa joto.

Njia ya kupima ni nyepesi. Baada ya kazi ya nusu saa, dereva alishushe bamba mpaka ardhini, azime injini na kuikingia minyororo magogo. Kisha asogeze mkono karibu na breki ya kila upande, bila kuigusa. Ikiwa upande mmoja una joto kuliko wa pili, yaelekea breki yake haiachii. Na atazame kama pedali yarudi yote, kama springi ni nzima, kama komeo la kuegeshea limefunguka, na kama tope limekauka katika vyuma vyake. Dereva naye asipumzishe mguu juu ya pedali.

Breki zote mbili zikiwa salama, na aipime oili. Ikipungua, pampu hufyonza hewa. Ikizidi, gia huikoroga ikatoa povu na joto. Vipande vya chuma vikionekana katika chujio, hapo ndipo giaboksi ifunguliwe.

Tena, katika mitambo mingi oili hiyo hupozwa kwa maji ya rejeta. Eldoret iko juu ya bahari kwa mita 2,100 hivi, na huko maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 93 hivi za Sentigredi, si 100. Basi kifuniko cha rejeta kisichobana, au rejeta iliyozibwa na makapi, huleta hasara upesi kuliko Mombasa.

Uzee wa mtambo peke yake si kifo. Huko Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, matrekta mengi yaliyokwisha kutumika yaliletwa kufyeka mashamba ya karanga. Mengi yaliharibika upesi, kwani vipuri na mafundi hawakutosha na madereva wengi hawakuwa wamefundishwa. Na mwaka 1951 mpango ule uliachwa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Springi moja ya breki ikibadilishwa mapema, huenda ikaokoa giaboksi nzima, na bwawa likawa tayari mvua inyeshapo.