Maktaba, Mnunuzi wa Kwanza

Jamii ndogo inayoishi ndani ya jamii kubwa hupatwa na shida moja katika jambo la vitabu vya watoto: wasomaji wake hawatoshi kumrudishia mchapishaji fedha zake. Wayahudi wa Marekani, ambao ni wachache mno katika taifa lile, wameijua shida hiyo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya dawa yake hawakuipata dukani bali maktabani. Yafaa sisi wa visiwani, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya elimu na utamaduni, tuitazame kazi yao kwa makini. Siasa za Mashariki ya Kati zina ukurasa wake. Hapa tunazungumzia mtoto na kitabu chake, na sisi tuliokalia jamvi la chuo tulikwisha kufundishwa udogoni kuwa Wayahudi ni katika Watu wa Kitabu.

Kwanza hesabu. Katika kitabu cha picha mchoraji hulipwa, rangi hupangwa, mitambo hutayarishwa, na gharama hizo hutangulia nakala ya kwanza, zichapwe nakala 1,000 au 50,000. Kitabu kinachosimulia jioni ya Sabato au mishumaa ya Hanukkah hakiwezi kumtegemea kila mzazi apitaye dukani. Mchapishaji akiwa na yakini kwamba maktaba za masinagogi, za shule na za umma zitakichukua, ana pa kuanzia. Asipokuwa na yakini hiyo, mswada hulala sandukuni.

Tuchukue kisa cha Bibi Sydney Taylor wa New York. Binti yake alimwuliza kwa nini watoto wa vitabuni wote ni Wakristo. Mama akaanza kumsimulia utoto wake mwenyewe na dada zake wanne katika mtaa wa wahamiaji wa Lower East Side, kisha akayaandika masimulizi yale na kuyaweka. Mumewe ndiye aliyeyapeleka katika shindano la mchapishaji mmoja pasipo mkewe kujua, nayo yakashinda. Kitabu, All-of-a-Kind Family, kikatoka mwaka 1951. Sura yake ya kwanza inahusu mkutubi na kitabu cha maktaba kilichopotea, wala si ajabu: watoto wa mtaa ule hawakuwa na uwezo wa kununua vitabu, lakini maktaba walikuwa nayo.

Mwaka 1968 wakutubi wa Kiyahudi wa nchi hiyo walianza kutoa tuzo kwa kitabu bora cha watoto. Ya kwanza ilikwenda kwa Esther Hautzig, mzaliwa wa Vilna, kwa kitabu chake The Endless Steppe, kisa cha msichana aliyehamishwa na jamaa zake kupelekwa Siberia. Baada ya Bibi Taylor kufariki mwaka 1978, tuzo ikapewa jina lake. Hadi hapa hakuna jipya. Tuzo zimejaa duniani, na nyingi huishia katika picha ya kupeana mikono. Lakini tangu mwaka 1985 chama chao, Association of Jewish Libraries, kimekuwa na tuzo nyingine kwa ajili ya mswada wa mwandishi ambaye bado hajachapishiwa hadithi. Mkutubi hapo hangoji kitabu kimfikie. Yeye ndiye asikiaye kila siku kile ambacho watoto huulizia na kukikosa, na kwa tuzo hiyo humpeleka mwandishi mchanga mlangoni kwa mchapishaji akiwa na shahidi.

Njia nyingine ni kukitangaza kitabu. Mwaka 1925 Bibi Fanny Goldstein, mkutubi wa tawi la West End la maktaba ya umma ya Boston, alipanga maonyesho ya vitabu vya Kiyahudi. Jambo lile dogo likakua likawa wiki ya kitaifa, na mwaka 1940 likasogezwa hadi kabla ya Hanukkah, ili kitabu kiingie katika zawadi za sikukuu. Hiyo ni akili ya biashara, na haikutoka kwa mfanyabiashara.

Mpango mkubwa wa siku hizi ni PJ Library, ulioanzishwa mwaka 2005 huko Massachusetts na tajiri Harold Grinspoon. Jina lake ni maktaba, lakini hauazimishi. Kila mwezi hupeleka vitabu vya bure majumbani kwa njia ya posta. Manunuzi yake makubwa yamewapa wachapishaji moyo wa kutoa vitabu ambavyo wasingethubutu kuvigusa. Hata hivyo, mnunuzi mmoja akizidi ukubwa, waandishi huanza kumwandikia yeye badala ya mtoto. Kwa sababu hiyo maktaba ndogo nyingi, kila moja na mkutubi wake na chaguo lake, ni salama zaidi kuliko ghala moja.

Haya yote yana uzito kwa watu hawa. Kabla ya mwaka 1939 vitabu vya watoto kwa lugha ya Kiyidishi vilichapwa Warsaw na Vilna. Kisha Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na miongoni mwao watoto wapatao milioni moja na nusu. Kituo cha vitabu vya Kiyidishi kilichoanzishwa mwaka 1980 na Aaron Lansky huko Massachusetts kimeokoa vitabu vingi vya lugha hiyo, vya watoto vikiwemo. Wengi wa wale waliokuwa wavisome hawapo.

Wazo la kumhakikishia mchapishaji mnunuzi si geni Tanzania. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzigawa mashuleni. Ndugu zetu wanaoandaa makadirio ya maktaba za Unguja na Pemba wanaweza kuanza na miswada mitatu tu kwa mwaka, wakutubi wenyewe wakiichagua, na idadi ya nakala zitakazonunuliwa ikitangazwa kabla mtambo haujawashwa.