Vilango Vinne Ndani ya Redio

Juzi jirani yangu hapa Mbweni, mama mtu mzima, aliniletea redio yake. Kila akiichomeka ukutani inanguruma kama mashine ya kukoboa. Akiitia mawe, inasikika vizuri. Fundi mmoja alikwisha mwambia redio imekufa, anunue nyingine. Kwa mama yule redio si starehe. Ndiyo inayomletea matangazo ya vifo vya ndugu walio mbali.

Kumbe redio haikufa. Tujue kwanza kuwa umeme una mienendo miwili. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, kama mto. Umeme wa ukutani ni kama bahari yetu, hujaa na kupwa. Ila bahari hufanya hivyo mara mbili kwa siku, na umeme wetu wa volti 230 mara 50 kwa sekunde moja. Huo huitwa mkondo geu. Redio haiutaki, inataka mkondo mnyoofu, kama wa betri.

Ndani ya redio, transfoma huupunguza umeme hadi volti chache, lakini bado unakwenda na kurudi. Hapo ndipo dayodi inapofanya kazi. Ni kijipande cha silikoni, kidogo kuliko punje ya muhindi, nacho ni kama vali ya tairi la baiskeli: upepo unaingia, hautoki. Umeme ukija hupita, ukigeuka huzuiwa.

Dayodi moja ingetupatia nusu tu ya umeme. Kwa hiyo hufungwa nne. Umeme ukija, mbili huufungulia njia. Ukirudi, mbili nyingine huupokea na kuutoa kwenye mlango ule ule. Tunapata mapigo 100 kwa sekunde, yote ya upande mmoja. Kisha kapasita, kama pipa la maji nyumbani, hujaa pigo linapokuja na kutoa akiba linapopungua, ili redio isione mapengo.

Dayodi moja ikikatika, nusu ya mapigo hupotea, pipa halijai sawasawa, na redio hunguruma. Kapasita ikichoka, mambo ni hayo hayo. Redio ya mama ilikuwa na dayodi moja iliyokatika. Fundi wa pili aliibadilisha, na jioni ile ile mama alisikiliza taarifa ya habari.

Basi, ndugu msikilizaji, ukiambiwa redio imekufa, itie mawe kwanza. Ikisikika vizuri, ugonjwa uko kwenye njia ya umeme wa ukutani. Mwambie fundi apime dayodi na kapasita kabla hujatoa fedha ya redio mpya. Lakini usiifungue mwenyewe ikiwa imechomekwa. Volti 230 hazina mzaha.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.