Pilipili na Tumbo Lililopasuliwa

Watu wa pwani yetu hawakuanza jana kupenda chakula chenye ukali. Ibn Battuta, alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kufika Kilwa, alikaribishwa kwa wali wa samli, vitoweo, achari ya ndimu na ya pilipili manga, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza pia kwamba wenyeji wale walikula sana na walikuwa wanene mno. Pilipili nyekundu haikuwa imefika bado, kwani asili yake ni Amerika, nayo ilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Leo ni nadra sinia la Kilwa Masoko kuikosa.

Unene ukizidi huleta kisukari, shindikizo la damu na maumivu ya magoti. Kwa walioshindwa na njia nyingine, matabibu wana upasuaji wa kupunguza tumbo, na hapa Tanzania hufanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila. Njia moja ni kuondoa kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Njia ya pili, ambayo Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianza mwaka 1966, ni kutengeneza kifuko kidogo kinachochukua kiasi cha mililita 30 tu na kukiunganisha na utumbo mdogo.

Basi mgonjwa hurejea nyumbani, na hapo ndipo mtihani huanza. Kwa majuma kadha hula vitu vya maji na uji mwepesi, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini. Chakula cha kawaida kwa desturi hungoja majuma 6 hadi 8. Ulimi huchoka, naye hutamani achari. Jamaa mmoja humwambia, "Pilipili ni sumu, usiionje tena maisha." Mwingine humwambia, "Onja, haidhuru, wazee wetu waliila." Ni yupi mkweli?

Wote wawili wamepita mpaka. Mwaka 1997 Profesa David Julius wa California alionyesha kwamba kiini cha ukali wa pilipili huamsha mlango ule ule wa neva unaohisi moto. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa hiyo mwili hudhani unaungua, na hali hauungui. Wala vidonda vya tumbo asili yake si pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua mwaka 1982 kijidudu ambacho ni sababu yao kubwa. Ama tumbo lililoshonwa karibuni, hilo lina hukumu nyingine. Ukali huweza kulichochea kwa kiungulia, maumivu na kutapika, na kiungulia ni jambo la mara kwa mara baada ya njia ile ya kwanza. Ikiisha muda wake, na tabibu akaruhusu, mgonjwa huonja kidogo kidogo, siku moja kitu kimoja, akitazama mwili wake unajibu nini. Wako wanaoirudia pilipili bila ya tabu, na wako wasioiweza tena.

Lakini hatari kubwa iko kwingine. Mtu huumwa tumbo, akadhani ni pilipili tu, akaenda dukani kununua diclofenac au ibuprofen. Dawa hizi, pamoja na sigara, ndizo zinazojulikana kuleta vidonda katika tumbo la namna hii. Na maumivu makali yenye homa, moyo kwenda mbio, kutapika kusikokoma au choo cheusi si mambo ya kungoja asubuhi. Ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile.

Jabir (R.A.) amepokea kwamba mtu mmoja safarini alipigwa jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliposikia aliwalaumu vikali, akafundisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Ameisimulia Abu Daud. Basi na tujihadhari, tusije tukamuua ndugu yetu kwa maneno ya barazani.

Enyi mama zetu na dada zetu, mgonjwa mtengeeni chakula chake kabla pilipili haijaingia chunguni. Enyi vijana, msimcheke anayekula vijiko vitatu akashiba. Na mwenye kualika asimwapize mgeni wake aongeze tonge. Ukarimu ni kumpa mtu kinachomfaa. Ramadhani ikiingia, mgonjwa amwulize kwanza tabibu wake, kwani tumbo hili halichukui maji mengi kwa mara moja, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Na sisi wenye matumbo mazima tukumbuke Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tulipoamrishwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu. Aliyepasuliwa amepunguziwa tumbo kwa kisu. Sisi tungali na nafasi ya kulipunguzia kwa hiari.

Wabillahi tawfiq.